Heroe Wasiopigiwa Makofi

Jebet, muuguzi kutoka Baringo aliyefanya kazi Doha, alikosa ibada ya kanisa, ambayo huko huwa Ijumaa, kwa sababu moja: babake kule nyumbani alitaka kuwaona heroe, wale flamingo wa miguu mirefu, wakiruka tena. Ziwa la kwao lilikuwa limefurika na ndege wengi wakahama. Mzee hakuacha kuwaulizia.

Mwaura, dereva aliyesali naye kanisa moja, alimleta ufukweni kaskazini mwa Doha. Maji yalikuwa yamekupwa, na mamia ya heroe walisimama kwenye matope wakila, vichwa chini. Jebet alipiga simu ya video. Uso wa babake ulipotokea, Jebet aliinua mikono apige makofi ili kuwarusha, kama watoto wa kwao walivyofanya ziwani.

"We dada, wacha!" Mwaura alimzuia. "Hawa wamevuka bahari kutoka Iran. Unataka kuwafukuza mezani?"

"Baba anangoja, Mwaura. Na bando linaisha."

"Basi angoje. Ndege hana bosi."

Wakangoja. Kisha mwewe akapita chini chini juu ya maji, na kundi lote likainuka. Mabawa yaliyoonekana meupe yalifunguka mekundu na meusi, yakaziba majengo ya ng'ambo, na mvumo wake ukazima kelele za barabara. Mwaura akavua kofia bila kujua.

"Ni wakubwa kuliko wetu," mzee alisema simuni, polepole. "Jebet, usiseme kitu. Nishikie simu hapo hapo."