Uzi Mwekundu wa Dobi

Mimi ni dobi, na dobi hawezi kuishi bila alama. Nguo za mwalimu nazitia uzi wa bluu, za kinyozi uzi wa kijani, na kwa miaka thelathini sijachanganya hata soksi. Basi mkwe wangu aliporudi kutoka kliniki akasema, "Mama, wamenikuta na TB, ila imelala," nilifanya ninachokijua. Nilifunga uzi mwekundu kwenye kikombe chake, kijiko chake, mpaka mto wake.

"Imelala ndiyo nini? Kwani imekuja kupanga chumba?"

Akanieleza kwa upole. Kaka yangu, aliyekaa kwetu miezi mitatu akikohoa, huenda ndiye aliyeileta. Vijidudu vimo mwilini lakini vimetulia. Yeye si mgonjwa na hawezi kumwambukiza mtu. Atameza dawa mara moja kwa wiki, wiki kumi na mbili, na mimba isubiri mpaka amalize.

Kusikia mimba isubiri, nikaruka. Jamani! Nimezaa sita, watano wametawanyika, wajukuu nawaona kwenye simu tu. Aliyebaki nami ni kitindamimba wangu na mkewe huyu. Shali la kumbebea mtoto wao nimelifua mara nne na hata mtoto hayupo.

Nikasema neno baya. "Mwanangu nilimwoza mke, sikumwoza wodi."

Wiki ya tatu ya dawa nilimkuta anakunja nguo, na hazikuwa za wateja. Begi lilikuwa wazi kitandani.

"Nakwenda kwetu, Mama. Kule kikombe hakifungwi uzi."

Ulimi hauna mfupa, na wangu umezidi. Nikamwomba twende kwanza kliniki, nesi aniambie mwenyewe kama huyu atazaa au hazai. Alikubali, lakini begi aliliacha palepale.

Nesi alikuwa binti mdogo asiyepepesa macho. "Atazaa vizuri tu, amalize dawa. Kwa sasa watumie kondomu, maana dawa hizi zinapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango."

Mbele yangu, mama mkwe mzima! Nikawa naangalia dari.

"Na wewe, mama? Si ulikaa na mgonjwa nyumba moja? Umepima?"

"Mimi? Mzima kama pasi ya chuma."

Akanichoma kisindano cha kipimo mkononi, akaniambia nirudi baada ya siku mbili. Tuliporudi, pale palikuwa pamevimba kama kifungo cha koti. Wakanipiga picha ya kifua, ikatoka safi.

"Basi na wewe unayo," nesi akasema. "Imelala."

"Ya kaka yangu?"

"Huenda. Au unayo tangu usichana wako. Kipimo hiki hakisemi tarehe."

Tangu usichana! Basi huenda wanangu wote niliwazaa nikiwa nayo. Nikawahesabu wanangu kwa vidole, mmoja mmoja, wote sita, wazima na walafi. Nikageuka, nikamwona mkwe wangu amejiuma mdomo.

"Cheka, usije ukapasuka," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Nyumbani sikuvua hata viatu. Nilichukua uzi ule mwekundu nikafunga kikombe changu, nikakiweka karibu na chake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikutia alama kama shuka la mteja."

Akaenda kwenye meza yangu ya pasi, akachukua mkasi, akakata uzi wa kwanza, akakata wa pili. Akavizungusha vikombe mezani, navyo vinafanana, kile huku, hiki kule, mpaka vikanipotea, kisha akavijaza maji.

"Haya, dobi. Chagua."

Nilichukua kilichokuwa karibu, nikanywa mpaka tone la mwisho. Kilikuwa cha nani, sijui hadi leo. Akaingia chumbani, nikasikia begi likirudishwa juu ya kabati.