Kiti cha Nyuma Kushoto

Sogeeni karibu na moto, halafu mniambie. Nina ng'ombe wangu, hali majani wala hachungwi. Yeye ni kunywa tu. Akiamka hutoa moshi kwa nyuma, na siku akifa hachunwi wala haliwi. Ni nani huyo?

Mmeshindwa. Haya, nipeni mji. Tarime? Nimeupokea. Nimekwenda Tarime, nimekula ndizi kwa nyama, nimelala kitanda cha chuma, nimerudi na sukari yenu mkononi. Ng'ombe wangu ni gari. Na leo nawapa habari ya gari moja ambalo mwanamke mmoja aliliogopa kuliko chui.

Mwanamke huyo aliitwa Mokami, mke wa Nashoni, wa Gorong'a. Ilikuwa miaka ile dhahabu ya Nyamongo ilipowatoa watu mashambani. Vijana waliacha jembe wakashika sululu, na mtu uliyemwacha jana hana hata chumvi, leo unamkuta anaosha miguu kwa soda. Nashoni alikuwa na fungu lake katika duara moja, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia, na shimo likamkubali. Akaezeka bati, akaongeza ng'ombe zizini, kisha akavuka mpaka wa Kenya pale Sirari akarudi na gari.

Halikuwa gari la kubebea watu na magunia. Lilikuwa jeusi, refu, limelala chini kama mamba aliyeshiba. Ndani viti vya ngozi, vinanukia viatu vipya. Ukifunga mlango haulii kishindo, unasema fu, basi. Injini ikiwaka ukiwa pembeni huisikii, ndiyo maana watu wakaliita Kimya.

Baba wadogo wa Nashoni walikuja kulikagua kama mnavyokagua dume la mnadani. Wakalizunguka, wakayapiga matairi mateke, mmoja akainama kutazama tumboni. Mkubwa wao akauliza, "Mura, kijana wetu, ana kilema huyu?"

"Hana, baba," Nashoni akajibu.

Yakaisha hapo. Katika ukoo ule mwanamume akishasema mbele ya wazee kwamba mnyama wake hana kilema, neno halirudi kinywani. Hata kesho yake akigundua jicho moja halioni, atanyamaza na kumchunga hivyo hivyo.

Pale kanisani kulikuwa na mtu mwingine mwenye gari kama lile, Ogweno muuza dagaa. Kila Jumapili ibada ikiisha wanaume wawili hawa waliyaegemea magari yao na kuyasema kama watu wanaosema wake zao.

"Omera, ndugu yangu, gari ni tamu hili, lakini ni mtoto wa lami," Ogweno alisema siku moja. "Jana nimevuka korongo, tumbo likasugua jiwe mpaka nikajishika tumbo mimi. Na mafuta je? Linakunywa kama mlevi wa sikukuu. Halafu kuna taa nyekundu imewaka hapa mbele wiki nzima. Fundi kaniambia niibandike plasta nisiione."

"Lakini ubaridi wake?" Nashoni akauliza.

"Ubaridi we acha. Mke wangu jua likiwa kali anataka tukapumzike humo. Lako halikusumbui?"

"Langu halina neno."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Ogweno akacheka. "Basi lako si gari, ni malaika."

Mokami alikuwa hatua chache tu, amemshika mkono binti yao Bhoke, na neno lile la malaika lilimpita mgongoni kama maji baridi. Mtu ana gari asilo na lawama nalo hata moja? Na yeye alikuwa ameona kitu.

Alichokiona ni hiki. Kila walipotaka kuondoka, Nashoni alifungua kwanza mlango wa nyuma wa kushoto. Akauvuta mkanda, akaupitisha juu ya kiti kitupu, akaufunga taratibu kama unavyomfunga mtoto mgongoni. Kisha ndipo akashika usukani. Pale hapakai mtu. Bhoke akijaribu kupanda upande ule, baba yake alimvuta mkono akamrudisha upande mwingine.

"Baba Bhoke, unamfunga nani mkanda?" Mokami aliuliza mara ya kwanza.

"Panda twende," akajibiwa.

Mkubwa akikwambia panda twende, unapanda. Lakini swali halikushuka.

Wakaenda Nyansurura kumchukua mama yake Mokami aje akae nao siku chache. Mnajua kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wake wanavyotengana. Hawali pamoja, hawagusani, wala mambo ya mwili hayatajwi mmoja akiwa anasikia. Mama hawezi kukaa mbele ubavuni mwa mkwewe. Nyuma yake pia ni shida, utampumuliaje mkweo kisogoni? Mahali pa heshima katika gari ni pale tu, nyuma kushoto, mbali kabisa na dereva. Mama akaja na kikapu na kuku wake, akashika mlango wa upande huo huo.

Nashoni akatazama chini. "Mama, samahani. Hapo hapakaliwi."

Bibi wa watu alisimama na kuku wake mkononi. Katika boma lake mwenyewe hajawahi kuambiwa neno kama lile. "Haya, mwanangu," akasema. "Nitakuja na basi."

Njiani Mokami akauliza tena. "Hata mama yangu? Unamwekea nani hicho kiti?"

Nashoni akaongeza sauti ya redio.

Sasa, jambo lisilo na jibu ni kama kidonda kisichofungwa, kila nzi anatua. Nzi wa kwanza alikuwa Dorka, jirani yao aliyeuza vitenge vya kutoka kwa dada zake huko Migori.

"Mama Bhoke, mimi si mtu wa maneno," Dorka alianza, na hapo unajua maneno yanakuja. "Lakini kule Nyamongo kuna mtu mmoja, mganga wake alimwambia asioge mwaka mzima. Mwingine analala chini, kitanda kipo. Dhahabu ina mwenyewe, dada."

"Nashoni anasali."

"Na wale pia wanasali. Mimi nasema hivi, mtu akiwekewa kiti, huyo ni msafiri. Leo anasafiri peke yake. Siku moja atataka mwenzake wa kukaa naye."

Hakumtaja mtoto. Lakini macho yake yalikuwa yanamfuata Bhoke, aliyekuwa anaruka kamba pale uani.

Tangu hapo Mokami akawa mtu wa kushtuka. Kijiko kikianguka anashtuka. Alimlaza Bhoke kitandani kwake, akaweka mkono kifuani mwa mtoto kuhakikisha panapanda na kushuka. Akisikia Nashoni anachukua funguo, anamtuma Bhoke kwa jirani kuomba chumvi, na chumvi ipo tele.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Nashoni aliliwasha gari kabla ya kuufunga ule mkanda, akaliacha likiwaka kwa ule ukimya wake, akaenda kuondoa miiba langoni mwa zizi. Mokami akajikuta amefungua mlango wa nyuma. Akagusa kiti cha kulia. Baridi kama chura. Akapeleka kiganja kile cha kushoto.

Kilikuwa cha moto. Joto la kigoda ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Akiwa bado ameduwaa, kengele ndogo ikaanza kulia huko mbele, ti, ti, ti, na kwenye kioo cha vipimo, nyuma ya usukani, kikawaka kipicha chekundu cha mtu aliyekaa. Mtu mmoja. Amekaa wima, ametulia. Mokami akatoa mkono akaunusa. Ulinuka ngozi ya viatu tu. Alirudi jikoni, akaketi karibu na mafiga, na hakumwambia mtu yeyote, hata Dorka. Ya Dorka yalikuwa maneno, haya ameyashika kwa mkono wake.

Mama yake alikuja tena, kwa basi, wakati wa kuvuna ulezi. Ndipo Bhoke alipougua. Jioni alikataa chakula. Asubuhi mwili unawaka, shingo imelegea, macho yamegeuka yanatazama juu. Mvua ilikuwa imeinyeshea barabara, pikipiki zinateleza, basi la kwanza halijafika. Lililopo ni Kimya.

Mokami alisimama uani na mtoto mikononi. Kumbe ndiyo siku yenyewe, aliwaza. Mgeni amekuja kumchukua mwenzake, na mimi ndiye ninayempelekea.

Bibi, bila kufikiri, akawahi ule mlango wa kushoto.

"Mama, hapo hapana," Nashoni akasema. Kisha akamgeukia mkewe. "Mama Bhoke, njoo pembeni nikwambie kitu."

"Niambie hapa hapa."

Nashoni akamtazama mama mkwe wake.

"Basi wewe kaa mbele. Mtoto alale kwa bibi yake upande wa pili."

"Simwachi mtoto nyuma humo bila mimi." Mokami alijisikia akisema hivyo na hakuamini kuwa ni yeye. "Mama, pita upande ule, nyuma ya dereva. Mungu atatusamehe."

Bibi akapanda, akajifunika khanga mpaka puani, akageuzia uso dirishani ili asimpumulie mkwewe. Mokami akaufungua ule mkanda kwa mkono wake mwenyewe. Akakaa kwenye kiti kile, Bhoke akamlaza juu ya mapaja yao wawili, kichwa kwa bibi, miguu kwa mama. Nashoni alibaki ameshika mlango kama mtu anayemwona mwenzake anaingia duara lenye ufa. Halafu akakimbilia usukani.

Wanangu, kama hamjawahi kuogopa huku mmekaa kimya, msiombe. Joto lilianza polepole, kama kukaa juani. Likaja kama andazi lililotoka kwenye mafuta. Likaja kama jiwe la figa. Kengele mbele inalia, ti, ti, ti, na kile kipicha chekundu kimewaka. Amenipokea, Mokami aliwaza. Akaanza kunong'ona.

"Kama wewe ni mtu na umekaa hapa, nichukue mimi. Huyu mwache. Meno yenyewe ya mbele ndiyo kwanza yameng'oka."

"Unasema na nani?" mama yake akauliza ndani ya khanga.

"Naomba, mama."

Nashoni alikuwa amefungulia ubaridi wote, kifua cha Mokami kinapigwa na upepo kama wa alfajiri na mapaja yanaungua. Na kwenye baridi ile Nashoni alikuwa anatoka jasho. Mokami aliliona likimteremka shingoni, akasema moyoni, huyu anajua kinachoendelea hapa nyuma.

"Jiinue kidogo," Nashoni akasema ghafla.

"Nini?"

Akatazama kioo, akaiona khanga ya mama mkwe. "Basi."

Mokami hakujiinua. Aliamini kwamba akiachia nafasi hata ya kidole, yule mgeni atamshika mtoto. Akang'ata ncha ya khanga yake akatulia. Mawe yaligonga tumbo la gari, ko, ko, na Nashoni, aliyezoea kushuka kwa kila jiwe kuangalia kama limeliumiza gari, siku hiyo hakupunguza hata mwendo.

Hospitali ya Tarime muuguzi aliwapokea mlangoni. Malaria imepanda kichwani, wakaambiwa, mngechelewa kidogo tungesema mengine. Wakamtundikia dripu. Mokami alisimama pembeni ya kitanda akihesabu matone, na kila tone lilipokawia alidhani ndilo la mwisho. Jua lilipita dirisha hili likaingia lile. Halafu Bhoke akafumbua macho, akamtazama bibi yake, akasema anataka uji, wenye sukari.

Mokami akatoka barazani. Watu wakamsogezea nafasi kwenye benchi, akashindwa kukaa. Nguo ilikuwa imemganda mapajani na kila hatua ilimchoma. Nashoni alikuwa ameegemea nguzo, chupa ya soda mkononi hajaifungua.

"Ameomba uji," Mokami akamwambia.

Nashoni akauweka uso kwenye kiganja.

"Sasa nijibu, Baba Bhoke. Nimekaa na mtu wako njia nzima. Joto lake nimelisikia, tazama ninavyosimama. Kama umempa neno juu ya mtoto wangu, nitajie leo, nami nirudi Nyansurura na mtoto. Unamfunga nani mkanda?"

Nashoni akachungulia mlango wa wodi. Mama mkwe wake alikuwa mbali, ameinamia kitanda cha mjukuu. Hata hivyo akashusha sauti ikawa ya kunong'ona.

"Hakuna mtu, Mama Bhoke. Ni nyaya. Gari lile lilitengenezwa kwa watu wa nchi za barafu, viti vyake vinajipasha moto vyenyewe, na hicho kimeharibika, hakizimiki. Tena kinadhani kimekaliwa siku zote, nisipokifunga mkanda kengele inalia mpaka nifike. Niliuziwa kibovu, na baba wadogo nilishawaambia hana kilema. Wewe ningekwambia, lakini wewe na mama yako hamfichani. Na mama yako ameshashika mlango anataka kukaa. Ningemwambiaje mama mkwe wangu kwamba kiti kitamchoma makalio?"