Adhabu ya Kupanda Mlima

Kocha Zephania aliwafundisha mabinti wa kijiji chetu cha Chome mpira wa magongo kwa ukali. Aliyepoteza mpira alikimbia peke yake hadi kanisani juu mlimani na kurudi, na akichelewa alirudia. Mwanzoni walishinda. Baadaye kila mmoja akaogopa kupokea pasi, wakaanza kufungwa.

Jumamosi moja mjukuu wangu Koleta akapoteza mpira.

"Panda mlima, binti," kocha akasema.

Koleta akalaza gongo lake chini, akatazama njia ya nyumbani. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo, maana nilijua akiondoka harudi tena.

Nahodha wao, Asteria, akamshika mkono. "Kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja, nani anachimba mfereji wa kijiji peke yake? Twende."

Wakapanda wote. Uwanjani tukabaki mimi na kocha.

"Mama, umewatuma wewe?"

"Hapana, mwanangu. Ndivyo walivyolelewa."

Kocha akaanza kupanda nyuma yao, akihema kama mbuzi mzee.

"Kocha, ukichelewa unarudia," Koleta akamwambia kutoka juu, na wenzake wakacheka.

Kocha naye akacheka, akaendelea kupanda.