Mikono Miwili ya Kushoto

Mtaa mzima ulimwita Sentimita, kwa sababu fundi huyo wa makoti alikuwa akikutazama mara moja tu anakutajia kiuno chako. Miezi minne iliyopita alitoka hospitali baada ya kuzibuliwa mshipa wa moyo. Daktari alimwambia moyo unakwenda vizuri, arudi kazini polepole. Majirani walimwombea, wakashukuru, wakarudi makwao. Yeye akabaki na asubuhi zake.

Alikuwa akiamka, anakaa ukingoni mwa kitanda, anashika soksi moja. Kuvaa soksi si kubeba gunia la saruji. Lakini aliweza kukaa nayo mkononi mpaka chai ipoe, mkewe aje mlangoni kuuliza, "Baba Watoto, bado?" Kifua hakikumuuma. Kingeuma, angalau angekuwa na kitu cha kuonyesha. Hata sala ya asubuhi, aliyoishika tangu ujana, sasa aliisali kwa midomo tu, na hilo lilimkera kuliko yote, maana aliona kama anamdanganya Mungu.

Kila mwezi muuguzi wa kliniki alimsomea maswali ya fomu. Anaweza kuvaa mwenyewe? Naweza. Kupanda ngazi? Naweza. Bado ana hamu ya kazi yake? Ninayo. Mkewe, mkoba magotini, aliangalia ukuta.

Ndipo mwalimu mkuu aliyekuwa anastaafu Ijumaa akaleta kitambaa cha koti, cha kijivu, alichotumiwa na mwanawe kutoka mbali. Hakikupatikana dukani. Mke wa Sentimita alitaka wakatae. Sentimita akapandwa na hasira, akasema wanamfanya yai, hata mkasi wamemficha. Mkewe akautoa kabatini, akauweka mezani.

Kukata kwa saa mbili kulimchukua siku tatu. Jumatano mkewe, ambaye siku zote ndiye aliyeshona vifungo na kupiga pasi, alipanga vipande vya mikono mezani. Akavigeuza. Akavipanga tena. Kitambaa kilikuwa na uso mmoja tu wenye mng'aro, na mng'aro ukiwa juu, mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Fundi hakuwa amegeuza karatasi ya kipimo alipokata mkono wa pili. Hilo alikuwa akiwafundisha wanagenzi wake siku ya kwanza, na aliyekosea alitaniwa mwaka mzima.

"Labda mwalimu ana mkono mwingine wa kushoto hatujauona," mkewe alisema.

Hakuna aliyecheka. Mkewe akashauri wamwambie mwalimu kwamba ni moyo, ataelewa.

"Moyo mzima," Sentimita alijibu. "Wamenipima."

"Basi ni nini?"

Sentimita akaikunja ile mikono, akaiweka kando.

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Aliifunga mikono ile kwenye gazeti, wakaenda nayo yeye na mkewe. Muuguzi alipouliza kama anaweza kuvaa mwenyewe, aliweka furushi juu ya fomu yake.

"Andika siwezi," alisema. "Soksi inanishinda. Kazi inanishinda. Nasali kama kasuku. Na usiniambie moyo wangu mzuri, nimeshachoka kulisikia hilo."

Muuguzi alifungua gazeti, akatazama, akaweka kalamu chini. Akamweleza taratibu kwamba wagonjwa wengi wa moyo hupatwa na sonona, ugonjwa wa huzuni unaomaliza hamu na nguvu, kwamba si uvivu wala upungufu wa imani, na ikiachwa humrudisha mtu nyuma. Ina matibabu. Jumanne angeonana na mshauri, na daktari angeangalia kama anahitaji dawa.

"Kwa hiyo ni ugonjwa. Na miezi minne mmekaa kimya?"

"Tuliuliza kila mwezi, mzee. Ulijibu naweza."

Mkewe alicheka mpaka akafuta macho. Sentimita alikasirika njia nzima, asijue anamkasirikia nani.

Kwa mwalimu alikwenda mwenyewe. Alimwambia mikono ameiharibu, ni mgonjwa, na kilichobaki kinatosha kizibao. Mwalimu alikipenda kitambaa kile. Hatimaye akasema basi, kizibao, hata kama kitapita Ijumaa.

Ijumaa asubuhi soksi ilikuwa palepale. Sentimita alikaa nayo, chai ikaanza kupoa. Safari hii mkewe hakuuliza. Alikaa kando yake, akaishika ile nyingine.

"Mungu wangu," Sentimita alisema kwa sauti, bila kufumba macho, "na Wewe andika siwezi."

Ilikuwa sala fupi. Lakini hii alikuwa ameisikia mwenyewe. Akainama, akaanza na mguu wa kushoto.