Sofa ya Watu Wawili

"Kwa hiyo kosa langu ni kuosha vikombe," nilimwambia binti yangu.

"Kosa lako ni kuingia, mama. Vikombe vimefuata baadaye."

"Nina ufunguo."

"Nilikupa kwa dharura. Moto. Bomba kupasuka. Siku hizi kila Jumamosi ni dharura."

Nilisuuza kikombe cha pili, kile kilichonipandisha presha. Binti yangu, kitindamimba, ana miaka ishirini na tisa na anaishi peke yake ghorofa ya tatu, chumba na sebule. Mtu anayeishi peke yake hatumii vikombe viwili. Wiki tano mfululizo nilikikuta hicho cha pili kwenye sinki, na wiki tano nilijiambia kuna mwanamume. Mwanamume ningemvumilia. Ningemuuliza kazi yake, ningemkagua kucha, maisha yangeendelea.

Kawaida hufika saa kumi na moja, nikitoka duka la dawa. Leo nilifika saa tisa, makusudi. Nikiwa bado kwenye ngazi za ghorofa ya pili nilisikia kicheko cha binti yangu, kile cha kujishika tumbo, alichokuwa nacho akiwa na miaka minane. Mimi hajanichekea hivyo tangu amalize shule. Nikafungua mlango bila kugonga.

Hakuwa mwanamume. Alikuwa fundi wa mapazia wa ghorofa ya nne, mwanamke wa rika langu, na hata sasa nikiwa na povu mikononi alikuwa bado kwenye sofa, miguu kaikunja kama yuko kwake. Sofa ile ni ya watu wawili. Niliichagua mimi, nikaupima mlango kwa utepe kabla haijapakiwa, na upande wa dirishani ulikuwa wangu.

"Dada, njoo ukae," alisema. "Vyombo havikimbii."

"Nikae wapi?"

Alisogea. Sofa haikuongezeka.

"Shangazi, usisumbuke," binti yangu akamwambia.

Shangazi. Baba yake ana dada watatu, wote nawajua, wote nimewapikia. Huyu hayumo.

Kilichowakutanisha ni tamthilia, ilikuwa imesimamishwa kwenye kompyuta mbele yao. Mwanamke wa miaka thelathini na nne, hana mume, hana mtoto, anafanya kazi kwenye ofisi ya vitu vilivyosahaulika, kituo cha treni. Anaongea na friji lake. Anakula amesimama. Siku moja analetewa kiatu kimoja cha kiume, cha mguu wa kushoto, naye badala ya kumtafuta mwenye kiatu anaanza kumpenda kwa kukitazama kiatu tu. Mwenyewe anapojitokeza, anamwambia bado hakijapatikana, ili kesho arudi tena. Sehemu kumi na mbili za mambo hayo.

Wa kwanza kukaribishwa nilikuwa mimi, hilo lazima niliseme. Miezi miwili iliyopita binti yangu aliniwekea sehemu ya kwanza, akanisogezea mto. Nikauliza kwa nini huyu dada hatafuti kazi ya maana, na friji lake mbona chafu, na katika umri huo anangoja nini. Dakika ya kumi na moja binti yangu alifunga kompyuta akasema amechoka. Hakuifungua tena mbele yangu.

"Tuko sehemu ya kumi," fundi alisema, nadhani kwa nia njema. "Tunasubiri kuona kama atamrudishia kile kiatu."

"Hamrudishii," nikasema, nikifuta mikono. "Anakitupa relini. Wanakwenda pekupeku wote wawili kununua vipya. Hawaoani. Kila mtu anarudi kwake na kesho yake wanapigiana simu. Basi, imeisha."

Binti yangu alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa kijiko mdomoni.

"Umeiangalia," alisema.

"Yote."

"Lini?"

"Mchana, stoo ya dukani. Kwa kasi mara mbili."

Nina diploma ya famasia, najua kujiandaa. Nilitaka siku atakayonikaribisha tena nisifeli. Nikatoa kwenye mkoba bahasha za dawa nilizoandika maelezo juu yake, kumi na mbili, moja kwa kila sehemu. Alizisoma pale pale. Ya nne ilisema: *Mlinzi anakijaribu kiatu. Kwa nini?*

Fundi alichungulia begani kwake. "Mara mbili? Si wanaongea kama kuku?"

"Nilisikia kila neno."

"Na kile kimya cha kwenye lifti?" binti yangu akauliza.

"Kimya gani?"

"Sehemu ya sita. Lifti imekwama, wanakaa dakika tatu bila kusema chochote. Mimi nilikirudia mara nne."

Nilikumbuka. Kwa kuwa hawakuwa wanasema kitu, nilitumia muda ule kuhesabu vidonge. Nikamwambia hivyo. Hakucheka.

"Unaipendea nini?" nikauliza. Safari hii nilitaka kujua.

Alifikiri. "Hakuna anayemwonea huruma. Anafunga mlango wake, anavua viatu, chumba kinabaki chake. Vituko vyote vile, lakini hajapungukiwa. Na mama yake anampigia mara moja tu kila sehemu, yeye anaikimbilia simu hadi anajigonga goti."

Hilo goti nililiona hata kwa kasi mara mbili. Mama mwenyewe haonyeshwi, ni sauti tu, na nilimwonea wivu kule stoo mpaka nikakosea kuhesabu.

"Na huyu?" Nilimwonyesha fundi kwa kidevu. "Ana nini nisichokuwa nacho?"

"Mama."

"Nauliza tu."

"Anagonga," binti yangu alisema. "Anagonga, na mimi naenda kumfungulia."

Fundi alijifanya kutazama mapazia. Aliyashona yeye, hilo pia nililigundua wakati huo, na hata hilo liliniuma, maana yamekaa vizuri.

Nikachukua funguo zangu. Pete yake ni ngumu, ilinivunja ukucha, lakini ule wa binti yangu ukatoka. Nikauweka juu ya friji mbele ya macho yake. Nikabeba mkoba, nikatoka nje, nikavuta mlango mpaka ukajifunga.

Nikagonga.

Ndani nilisikia fundi akinong'ona kitu, na binti yangu akacheka kile kicheko cha tumbo. Nikagonga tena, kwa nguvu kidogo.