Kipande cha Kati

Barabara iliyokipasua chuo kikuu katikati haikuwa na adabu hata kidogo. Upande mmoja yalikaa madarasa. Upande wa pili yalikaa mabweni mapya, zahanati na maktaba ya ghorofa tano ambayo ilikuwa bado inanuka rangi, na kati yao yalipita magari yasiyomwogopa mwanafunzi wala profesa wake. Kuvuka kulitaka dua na miguu mepesi. Ndiyo maana daraja la waenda kwa miguu lilipoanza kujengwa, hata watu wasiojali majengo walisimama kando ya uzio kulitazama.

Nguzo zilisimama, ngazi zikakamilika, na njia za mteremko kwa viti vya magurudumu zikamwagwa zege. Kilichobaki ni kipande cha kati, dude la chuma la kuinuliwa kwa winchi, lipitishwe juu ya barabara na kutuliwa kwenye nguzo mbili. Dereva wa winchi pale alikuwa mwanamke ambaye mafundi walimwita Unyoya, kwa sababu mzigo wowote aliouinua, uwe tanki la maji au rundo la nondo, ulitua chini bila kishindo. Maktaba nzima ilikuwa imepita mikononi mwake. Hiki kipande cha kati alikuwa akikiota usiku na kukisimulia mchana. Alishamwambia kila mtu, hadi majirani ambao hawakuuliza.

Jumamosi jioni alipita nyumbani kwa wazazi wake, akamkuta baba yake sebuleni anapaka dawa viatu vyake vya kazi. Mzee huyu aliendesha winchi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na tangu astaafu alikuwa akiendesha rimoti ya televisheni tu.

"Baba, unakwenda wapi na viatu hivyo?"

Mzee akakohoa kikohozi kisicho na mafua. "Bosi wenu kanipigia simu. Anasema kesho kuna wageni wakubwa na kamera. Anataka mtu aliyekula chumvi nyingi akae kwenye winchi."

"Kwenye winchi yangu?"

"Winchi ni ya kampuni, mwanangu."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Ningejibu nini? Siku hizi simu yangu hailii ila dada yako akitaka nimwangalizie watoto."

"Ungejibu hapana," mama akadakia kutoka jikoni. "Ni neno fupi tu, na meno yako yote bado yapo."

Mzee akazidi kusugua kiatu ambacho kilikuwa kimeshang'aa. Angekuwa mtu mwingine, Unyoya angemtolea maneno ya kumtosha mwezi mzima, lakini huyu ndiye aliyemfundisha kazi. Alimfundisha ishara za mikono za winchi mezani, wakati wa chakula, mama akigomba kwamba mchuzi unapoa. Kidole juu kikizunguka, inua. Kidole chini kikizunguka, shusha. Na kubwa kuliko zote, mikono miwili ikinyooka pembeni, simama. Hiyo ya kusimama haichagui mtu, mzee alikuwa akisema. Aitoe mkandarasi, aitoe mfagizi, winchi inasimama palepale na maswali yanafuata baadaye.

"Sasa mimi kesho nitakuwa wapi?" aliuliza.

"Utakuwa chini, unanipa ishara."

"Yaani niitazame kazi yangu ikifanywa na mtu mwingine."

"Si mtu mwingine. Ni baba yako."

"Ndiyo maana inauma," Unyoya alisema, akaaga.

Jumapili asubuhi barabara ilifungwa. Watu walijaa pande zote mbili, wanafunzi wakachungulia madirishani mwa mabweni hadi ghorofa ya juu, na wageni wakubwa wakaketi chini ya turubai. Bosi, yule mkandarasi, alivaa helmeti nyeupe ambayo haijawahi kukutana na vumbi.

"Usinielewe vibaya, Unyoya," alimwambia. "Kazi unaiweza. Ila leo ni siku ya kuonekana."

"Kwani mimi sionekani?"

Bosi akaitazama saa yake kana kwamba imemwita.

Mzee alipanda kwenye kibanda cha winchi, naye Unyoya akasimama mahali ambapo wangeonana vizuri. Akazungusha kidole juu. Kamba za chuma zikakaza, na kipande cha kati kikajitenga na lori, polepole, vizuri kabisa. Haki ya mtu mpe: mzee alikuwa hajasahau. Umati ukaguna kwa raha.

Ndipo Unyoya alipoona mkia wa kamba ya kuongozea mzigo umejiviringa kwenye nguzo ya taa. Akanyoosha mikono pembeni papo hapo.

Chuma kikaendelea kupanda.

Akainyoosha tena, hadi mabega yakamuuma. Kule kwenye turubai bosi alikuwa akipunga mkono, inua, inua. Nguzo ya taa ikaanza kupinda. Kipande cha kati kikainama upande mmoja, wanafunzi waliokuwa karibu na uzio wakapiga yowe na kukimbia ovyo, na mafundi wawili wakajitupa chini. Ndipo winchi iliposimama.

Kamba ikafunguliwa. Hakuna aliyeumia.

"Haya, tuendelee, tuendelee!" bosi akapaza sauti.

Lakini chuma hakikupanda. Kilishuka taratibu, kikarudi juu ya lori, na mzee akateremka ngazi ya winchi ngazi kwa ngazi, uso umemsawijika.

"Jua lilikupiga machoni, mzee wangu," bosi akamwahi. "Inatokea."

"Jua halina kosa," mzee akasema, tena kwa sauti ambayo mafundi wote waliisikia. "Niliiona ishara yake, niliiona vizuri kabisa. Nikajiambia, huyu mtoto ana kinyongo, anataka kuniaibisha mbele za watu. Nikaendelea. Mtu wa namna hiyo hafai kuning'iniza chuma juu ya vichwa vya watu. Apande mwenye kazi yake."

"Mbele ya kamera hizi?"

"Mbele ya hizi hizi."

Bosi akawageukia mafundi, nao wakamtazama bila kupepesa. Fundi chuma mkuu akavua glovu zake na kukaa juu ya tairi la lori, kuonyesha kwamba yeye leo hana haraka. Bosi akameza mate. "Haya, Unyoya. Panda."

Unyoya hakupanda mara moja. Alikagua ndoano, akaamuru mikia yote ya kamba ifupishwe, kisha akamgeukia baba yake.

"Na ishara atanipa nani?"

"Mimi, ukinikubali."

"Nakukubali. Lakini macho yako yakae kwenye chuma, baba. Kamera zina wenyewe."

Mafundi wakaangua kicheko. "Sawa, bosi," mzee akajibu, na mwenye helmeti nyeupe alijua kwamba si yeye aliyeambiwa.

Mzee akapanda juu ya nguzo ya mbali, akajifunga mkanda wa usalama, akazungusha kidole. Unyoya akainua. Huko juu kibandani alikuwa yeye na ule mkono tu. Chuma kikapita juu ya barabara, kikageuka, kikafika katikati, na hapo upepo ukaja. Mikono ya mzee ikanyooka pembeni. Unyoya akasimamisha palepale. Chuma kikaning'inia kikiyumba. Bosi akapunga, umati ukaanza kunung'unika, mgeni mmoja akasimama kutoka kitini. Unyoya hakumtazama hata mmoja wao. Jasho lilimtiririka mgongoni na furaha ikamjaa kifuani, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na uhakika kwamba hakuna mtu popote pale ambaye angeweza kuifanya kazi hii vizuri kumshinda.

Upepo ukapita. Kidole cha mzee kikaelekea chini, kikazunguka kidogo, kikazunguka tena. Shusha. Shusha. Kipande cha kati kikakaa juu ya nguzo zake, na hakuna aliyesikia chochote. Fundi chuma mkuu akaingiza boliti ya kwanza kwa vidole, bila nyundo, akainua mikono yake yote miwili mitupu ili watu waone.

Barabara nzima ikalipuka kwa makelele. Wanafunzi wakapiga ndoo na sufuria madirishani, na mgeni aliyekuwa amesimama akajikuta anamkumbatia bosi.

Unyoya bado alikuwa akimtazama mtoa ishara wake, kama kazi inavyotaka. Katika ishara zote za winchi hakuna hata moja ya kusema hongera. Mzee alisimama kule juu akijipapasa kidogo, akitafuta ishara, kisha akavua helmeti, akaiweka kifuani na kuanza kucheza. Alicheza mbele za watu wote, mkanda wa usalama kiunoni, magoti yakimgoma.

Dereva mzuri hukijibu kila anachoonyeshwa. Unyoya aliweka kiganja chake juu ya honi, akaikandamiza, wala hakuiachia.