Ndoo ya Vijiti

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tatu Machi mwaka 2025, saa mbili asubuhi, pale meneja Gibson alipoishika ile ndoo na kuimwaga.

Makuli wa ghala lile la mahindi, Tunduma, walikuwa na utaratibu wao. Gunia likipanda kwenye lori, karani Imelda anakupa kijiti, nawe unakitupa kwenye ndoo moja ya wote. Jioni mnagawana sawasawa. Kwa hiyo hakuna aliyeona taabu kumtwika mwenzake. Na gunia la kilo mia, uwe dume kiasi gani, halipandi mgongoni bila mtu wa kukutwika.

Gibson alikuwa ametoka semina. Maisha yake hajabeba hata debe.

"Kuanzia leo kila mtu na vijiti vyake," alisema. "Atakayeongoza mwezi huu anapata jiko la gesi na mtungi wake. Hii ndiyo motisha, wazee wangu. Wa mwisho, tutaagana."

Kuli mmoja, Zebedayo, alimgusa mwenzake Amoni ubavuni. "Shemeji, jiko hilo umpikie nani? Wewe hata ugali unaunguza!"

Watu wakacheka. Amoni hakucheka. Marehemu mkewe Ikupa, dada yake huyo huyo Zebedayo, alikohoa moshi wa kuni miaka kumi na tisa huku akiomba jiko kama lile.

Wiki ya kwanza watu walikimbia kweli. Malori yakajaa kabla ya saa sita, Gibson akatembea kifua mbele. Wiki ya pili, ukimwita mtu akutwike, anasingizia mkojo umembana. Apoteze safari yake ili wewe upate kijiti?

Zebedayo peke yake ndiye aliyeendelea kumtwika Amoni kila alipoitwa.

"Na mimi nitwike basi, shemeji."

"Ngoja nirudi."

Amoni alirudi kweli, akapitia upande wa pili wa rundo la magunia.

Mwisho wa mwezi alipigwa picha na Gibson, jiko katikati yao. Zebedayo aliambiwa asirudi tena. Ndiye aliyesaidia kulifunga lile jiko kwenye bodaboda.

"Dada angefurahi," alisema, akashika njia ya kwao Msangano.

"Ni huyu Gibson," Amoni alimwambia kila aliyekubali kumsikiliza. "Wakubwa hawa! Tulikuwa tunaishi vizuri." Jiko aliliwasha mara moja tu. Ugali ukaungua.

Aprili, malori ya kwenda Nakonde yalipanga foleni mpaka barabarani. Gibson akatangaza zawadi ya televisheni. Hakuna aliyekimbia. Kila kuli alisimama kando ya gunia lake, mikono kiunoni, akimtazama mwenzake.

Amoni aliinama, akatanguliza mgongo, akangoja. Jasho likamdondoka puani. Akageuza shingo, akawatazama mmoja mmoja.

"Jamani, nani atanitwika?"